Nilichokumbushwa kando ya moto milimani Virginia

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kwa miaka mingi nimeitumia kalamu yangu katika ukurasa huu kuwasuta wazazi wanaowalea wana wao kwa Kiingereza pekee, eti Kiswahili na lugha za mama watazipata njiani. Nimewaita limbukeni. Nimewaita watumwa wa kujitakia. Leo ninaomba idhini yenu, walimu wenzangu na wanafunzi mnaonisoma, niuelekeze mkuki huo kifuani mwangu mwenyewe, kwa sababu ya mambo yaliyonikuta ugenini, katika milima nilikokwenda kupumzika pamoja na jamaa yangu.

Mwezi wa Oktoba mwaka jana nilisafiri hadi jimbo la Virginia, nchini Marekani, kumtembelea mwanangu wa pili. Anaishi katika kitongoji kimoja kisicho mbali na jiji la Washington pamoja na mkewe na watoto wao wawili, msichana wa miaka kumi na minne na mvulana wa miaka kumi. Mwanangu hufanya kazi mchana katika maabara ya hospitali. Mkewe ni muuguzi wa zamu ya usiku. Mume na mke hao hupishana mlangoni kama mabawabu wanaopokezana lindo, na mazungumzo yao aghalabu ni kuhusu nani atamchukua mtoto shuleni na chakula kipi kimo ndani ya friji.

Siku niliyowasili niliwasalimu wajukuu wangu, "Hamjambo, wajukuu?" Walitabasamu kwa adabu, kisha wakamgeukia mama yao awafasirie. Nilisikia kitu kikinichoma moyoni. Kwa juma zima nilikaa sebuleni nikiangalia televisheni nisiyoifuata, huku kila mtoto akiwa chumbani mwake na simu yake ya mkononi. Nilikuwa nimevuka bahari kuja kuishi na watu wangu, lakini nilikuwa mpweke kuliko nilivyowahi kuwa kijijini kwetu karibu na Wundanyi, ambako hata anayepita njiani kwenda kisimani hunijulia hali.

Jumatatu ya pili ya mwezi wa Oktoba ni siku ya mapumziko huko Marekani, iliyotengwa kwa kumbukumbu ya Columbus, ingawa siku hizi mahali kadhaa huiadhimisha kwa heshima ya wenyeji wa asili waliomtangulia baharia huyo. Familia nyingi huitumia fursa ya siku hizo tatu kwenda milimani kutazama majani yanavyobadilika rangi kabla ya majira ya baridi. Mwanangu na mkewe waliomba ruhusa kazini kwa pamoja, jambo ambalo, waliniambia, hawakuwa wamelifanya kwa miaka minne. Walikodi nyumba ndogo ya magogo iliyojitenga msituni, chini ya milima ya Blue Ridge, ili sisi sote watano tukae chini ya paa moja.

Tuliondoka alfajiri ya Jumamosi tukaelekea magharibi. Mjini Front Royal tuliingia Mbuga ya Taifa ya Shenandoah, iliyoanzishwa mwaka wa 1935, tukaifuata barabara maarufu inayopita juu ya mgongo wa milima hiyo. Urefu wake ni kilomita 169, na hakuna anayeruhusiwa kuendesha gari kwa kasi inayozidi kilomita 56 kwa saa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu hufunga safari ndefu kuja kuyaona majani. Mabonde yote yalikuwa yamebadilika. Kulikuwa na manjano ya bizari, na wekundu wa buni iliyoiva mtini, na rangi ya embe dodo, na hudhurungi ya mialoni, zote zimechanganyika hadi upeo wa macho. Mimi ni mtu wa milimani. Nimeuona ukungu wa Juni ukiufunika mlima Vuria, nikadhani hakuna pengine penye uzuri wa kunitoa machozi. Nilikuwa nimekosea.

Tulifika penye nyumba yetu alasiri. Ilikuwa imejengwa kwa magogo yaliyopishanishwa kwenye pembe, nafasi za katikati zikazibwa kwa chokaa. Juu kulikuwa na paa la bati, na ndani ya chumba kikubwa jiko la chuma la kuni lenye bomba la kutolea moshi. Watoto walipangiwa kulala darini, ambako hufikiwa kwa ngazi ya mbao. Mwenye nyumba alikuwa amebandika karatasi ya maonyo mlangoni: tusiache chakula wala taka nje, kwani dubu weusi ni wengi katika milima hiyo, na dubu aliyezoea kula makombo ya binadamu huishia kuwa hatari kwa watu na kwake mwenyewe. Chini kabisa aliandika kuwa simu za mkononi hazishiki mtandao.

Wajukuu wangu walizunguka nyumba nzima wakiwa wameinua simu zao juu, mithili ya watu wanaotafuta mahali panapovuja. Walipanda kwenye jiwe, wakapanda kwenye boneti la gari. Hawakupata kitu. Mvulana alirejea akaketi kwenye kizingiti, uso umemshuka kama aliyefiwa.

Jua lilipozama, baridi ilishuka kwa ghafla. Baba yake alimtuma awashe jiko. Mtoto alichukua gogo nene kama paja langu, akaliwekea kiberiti ubavuni na kungoja. Aliunguza njiti sita. Nilicheka, nikajiinua kitini, nikapiga magoti kando yake. Kwa mara ya kwanza tangu niwasili, nilikuwa na jambo ambalo mjukuu wangu alilihitaji.

Nilimwonyesha jinsi ya kuokota vijiti vikavu na maganda ya miti, kuvipanga kwa kuachiana nafasi ili hewa ipite, kisha kuongeza kuni nyembamba, na nene mwisho. Kila nilichokishika nilikitaja. "Ukuni mmoja. Kuni nyingi. Moshi. Cheche. Makaa. Majivu. Sasa puliza. Sasa chochea." Alirudia kila neno huku akipuliza, machozi ya moshi yakimtiririka. Moto ulipokolea, nilitoa kijinga kimoja nikakiweka pembeni peke yake. Kikafifia na kutoa moshi. Nilipokirudisha kando ya chenzake, kikawaka. Nikamfundisha methali ya wazee, kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Dada yake, ambaye alikuwa amejikunyata kwenye ngazi akijifanya hasikilizi, aliuliza ina maana gani. Mama yao aliwafasiria, na sote tukasogea karibu na jiko.

Kesho yake asubuhi nilikwenda matembezini na mjukuu wangu wa kike. Tulikwenda pole pole, kwa ajili ya magoti yangu, juu ya zulia la majani. Mchanganyiko wa Kiingereza changu cha kimwalimu na Kiswahili chake cha kubahatisha ulitutosha. Nilimwuliza kinachobadilisha rangi ya majani ni nini, nikidhani atasema ni baridi. Akanieleza somo zima, kama walivyofundishwa shuleni.

Jani, alisema, ni la kijani kwa sababu ya klorofili, ile kemikali inayonasa nuru ya jua ili mti ujitengenezee chakula. Klorofili huchakaa na kufanywa upya kila siku wakati wa jua jingi. Siku zinapoanza kuwa fupi, mti huacha kuitengeneza. Kijani kikififia, manjano huonekana. Ajabu ni kwamba rangi hiyo ya manjano ilikuwamo ndani ya jani wakati wote, ila ilifunikwa na kijani. Nyekundu ndiyo hutengenezwa upya siku za mwisho, kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani. Kisha akaokota jani la mwaloni, akanionyesha mwisho wa kikonyo chake, palipokuwa pamezibika kama kidonda kilichopona.

"Upepo hauling'oi jani, Babu," alisema. "Mti wenyewe hujenga ukuta mwembamba hapa, unalikata."

Nilimwambia kwamba hata sisi tunao mti wa hekima hiyo. Mbuyu wa nyika za Tsavo hupukutisha majani wakati wa ukame ili usipoteze maji. Miti ya Virginia hufanya vivyo hivyo kwa kuwa majira ya baridi maji ya ardhini huganda na mizizi hushindwa kuyavuta. Aliniuliza majira hayo ya majani kuanguka yanaitwaje kwa Kiswahili. Nilimjibu kuwa kamusi nyingi husema ni vuli. Kisha ualimu ukanizuia kuishia hapo. Nilimweleza kuwa vuli ya kwetu ni mvua fupi, zinyeshazo kati ya Oktoba na Desemba. Ni wakati wa kushika jembe na kupanda. Watafsiri walilichukua neno la mvua zetu wakalivika majira ya wengine, kwa sababu miezi inakaribiana.

"Kwa hiyo vuli hapa mambo yanakwisha, na huko yanaanza?" aliuliza.

Nilimwambia ndivyo. Alilirudia neno hilo mara tatu, vuli, vuli, vuli, akaliweka jani kati ya kurasa za kijitabu chake.

Mchana mwanangu alitupeleka tena mbugani, mahali paitwapo Lewis Mountain. Palikuwa na vibanda vya kupangisha, meza za kulia chakula chini ya miti, na familia za kila rangi zikichoma nyama. Ungepita hapo usijue lolote. Lakini Shenandoah ilipoanza kupokea wageni, ilifuata sheria na desturi za ubaguzi za Virginia. Lewis Mountain ndipo mahali palipotengwa kwa ajili ya watu weusi, pakafunguliwa mwaka wa 1939. Ubaguzi huo ulikomeshwa katika mbuga yote mwaka wa 1950. Watoto walishangaa kwamba mlima ungeweza kuwa na upande wa weupe na upande wa weusi.

Kuna na jambo jingine ambalo uzuri wa mahali hapo unalificha. Msitu ule haukuwa mtupu. Kabla ya mbuga, mamia ya familia ziliishi katika mabonde hayo, zikilima mahindi na matufaha na kufuga. Katika miaka ya 1930 zilihamishwa ili kuipisha mbuga. Kitabu kimoja kilichochapishwa mwaka wa 1933 kiliwaeleza wakazi wa mabonde kadhaa ya huko kama watu walioachwa nyuma na ustaarabu, na picha hiyo ikawarahisishia wakubwa kazi ya kuwahamisha. Nilipoyasikia hayo niliwahutubia wajukuu wangu kwa hamasa. Niliwaambia kwamba anayetaka kumnyang'anya mtu kitu chake, kwanza humfanya akionee aibu. Mwanangu aliniangalia kwa muda, asiseme neno.

Usiku huo ndio niliokusudia kuwasimulia.

Watoto walikuwa wamepanda darini. Mkaza mwanangu alikuwa akisuza vikombe. Mimi na mwanangu tuliketi mbele ya jiko, mlango wake ukiwa wazi. Nilijihisi nina haki ya kusema, nikasema, kwa sauti niliyoizoea darasani:

"Umewakosea watoto hawa. Umewanyima lugha ya kuzungumza na babu yao. Siku nitakapokufa, watakuja Wundanyi kunizika kama watalii."

Hakunijibu mara moja. Alichukua ukuni akauweka juu ya makaa, akausogeza kwa kijiti hadi ukakaa sawa.

"Baba," aliniambia, "unakikumbuka kile kibao?"

Nilimwambia sikumbuki kibao gani.

Wasomaji wa umri wangu hawahitaji kuelezwa. Kwa ajili ya wanafunzi, nitaeleza. Katika shule nyingi za Kenya, tangu enzi za ukoloni na kwa miaka mingi baada ya uhuru, mtoto aliyesikika akizungumza lugha ya kwao alivikwa shingoni kipande cha mbao, cha bati au mfupa uliotiwa kamba. Alikivaa hadi amnase mwenzake akitenda kosa hilo hilo, naye amvike. Jioni, wote ambao kibao kiliwapitia waliadhibiwa. Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza adhabu hiyo katika kitabu chake cha mwaka wa 1986 kuhusu ukoloni wa kiakili. Katika shule niliyofundisha, Kiswahili nacho, nje ya kipindi chake, kilikuwa kosa. Wakati huo hakikutahiniwa katika mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Kilianza kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985. Sisi walimu tulipimwa kwa Kiingereza cha wanafunzi wetu.

"Ilikuwa mwaka wa 1984," mwanangu aliendelea. "Nilikuwa darasa la nne, na wewe ulikuwa mwalimu wa zamu. Niliteleza kwenye ngazi za mawe mbele ya ofisi, nikachubuka goti. Ulikuwa unapita. Nikakuita, 'Baba, nimeumia.' Ulisimama. Uliliangalia goti langu. Kisha ukamwuliza kiranja kibao kiko wapi."

Mkaza mwanangu aliacha kusuza vikombe.

"Jioni ulituita mstarini. Wenzangu uliwachapa viboko viwili viwili. Mimi ulinichapa vinne, ili wasije wakasema unampendelea mwanao. Nilipofika nyumbani ni Mama aliyelikanda goti. Wewe ulikuwa mezani unasahihisha madaftari."

Nilitafuta kumbukumbu hiyo kichwani mwangu, nisiione. Niliyakumbuka madaftari. Nilizikumbuka zile ngazi za mawe, na harufu ya mvua juu ya nyasi za uwanjani. Kibao nilikikumbuka pia, kwani mimi ndimi niliyeagiza kichongwe, nikakiandika kwa mkono wangu maneno ya Kiingereza yenye maana ya "mimi ni mjinga". Lakini goti la mwanangu silikumbuki hata kidogo. Aliyechapa alisahau siku ile ile. Aliyechapwa alikuwa amelibeba jambo hilo kwa miaka arobaini, hadi ng'ambo ya bahari.

Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa na hasira, ningejua la kumjibu.

"Huyu binti alipozaliwa nilikuwa nikimwimbia kwa lugha zetu," alisema. "Alipofika umri wa kuanza chekechea, mwalimu mmoja alitushauri tuzungumze naye Kiingereza tu nyumbani, asije akachelewa masomoni. Mama yake alipinga. Mimi sikupinga. Nilijiambia, mwalimu huyu anasema kama Baba."

Moto ulialika. Nilikuwa na majibu mengi mdomoni. Kwamba ndizo zilizokuwa kanuni za shule. Kwamba mwalimu mkuu alitukagua kila juma. Kwamba kwa Kiingereza hicho hicho yeye alipita mitihani, akapata kazi na nyumba na gari lililotufikisha pale. Majibu yote hayo yalikuwa ya kweli. Hata hivyo, hakuna hata moja lililomjibu mtoto wa miaka kumi aliyesema, "Baba, nimeumia."

Nilikumbuka maneno ya mjukuu wangu asubuhi ile kuhusu kikonyo cha jani. Nilikuwa nimezoea kuandika kwamba upepo wa ughaibuni ndio unaowang'oa watoto wetu. Kumbe ukata ule ulianzia kwenye shina. Ulianzia Wundanyi, mbele ya ofisi ya walimu, kwa mkono wangu.

"Nilikosea, mwanangu," nikamwambia.

Sina hakika kama nimewahi kuyatamka maneno hayo kwa mtoto wangu yeyote. Tulivyolelewa sisi, mzazi hakosi, na akikosa huleta kuku. Mwanangu aliitikia kwa kichwa. Alifunga mlango wa jiko. Kutoka darini tukasikia sauti ya msichana, ambaye hakuwa amelala, ikiuliza kwa Kiingereza kibao ni kitu gani. Baba yake alipanda ngazi, na kwa muda mrefu nikasikia mnong'ono wake juu ya kichwa changu.

Asubuhi ya Jumatatu niliamshwa na baridi. Mvulana alikuwa amesimama kando ya kitanda changu, amejifunga blanketi.

"Babu," aliniambia, "kuni amekwisha."

Nimefundisha upatanisho wa kisarufi kwa miaka thelathini na minne. Nimeyachora mistari mekundu makosa ya namna hiyo kwa maelfu. Kinywa changu kilifumbuka chenyewe. Kisha nikakifumba, nikavaa viatu, nikamwambia, "Twende tukatafute nyingine." Tukatoka pamoja kwenda kibandani kunakohifadhiwa kuni. Umande ulikuwa umeganda juu ya nyasi, ukialika chini ya nyayo zetu. Njiani alinionyesha kila alichokijua: moshi, jiwe, mti, jani, baridi. Nilihesabu maneno ishirini na saba.

Sitawadanganya, wasomaji wapenzi, kwamba siku tatu katika kibanda cha magogo zilirekebisha miaka kumi na minne. Tulipofika mahali mtandao unaposhika, simu zote ziliita kwa mpigo mmoja na kila mtoto akaiinamia yake. Jumanne mwanangu alirudi maabara, mkewe akarudi zamu ya usiku, nami nikarudi kwenye kiti changu sebuleni. Tofauti ni kwamba kuanzia siku hiyo, saa ya chakula cha jioni, simu ziliwekwa ndani ya kapu juu ya friji, na kwa nusu saa tukazungumza Kiswahili, kibovu na kizima.

Wenzangu mlio madarasani, nina ombi kwenu. Katiba yetu ya mwaka wa 2010 inatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na inaitaka serikali kukuza lugha za wenyeji. UNESCO nayo, mwaka wa 2021, iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, nasi huiadhimisha kwa hotuba na mashairi. Lakini zipo bado shule ambamo mtoto huaibishwa kwa kusema lugha ya mamaye, hata kama kibao siku hizi ni jina lililoandikwa ubaoni au faini ya shilingi kumi. Fundisheni Kiingereza, tena mkifundishe vizuri. Mwanangu anakihitaji, na hata mimi kilinifaa msituni. Ila msikifundishe kwa kumfanya mtoto aionee haya sauti anayomwitia babaye anapoumia. Mtoto huyo atakua. Atakuwa na watoto. Somo mlilomfundisha kwa kiboko atalifuata kwa utiifu ambao utawashangaza.

Kwa wazazi, nina neno moja kuhusu likizo. Sheria ya Elimu ya mwaka wa 2013 ilipiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo, lakini wengi wetu tungali tunayatafuta mafichoni, tukidhani siku za mtoto asizoshika kitabu ni siku zilizopotea. Si lazima mwende Virginia. Si lazima mkodi kitu. Mpelekeni kwa nyanya yake mashambani, mahali moto unapowashwa kwa kuni, mkae naye bila haraka. Kuna maswali ambayo mtoto haulizi mpaka giza liingie na kusiwe na kitu kingine cha kutazama. Kuna na majibu ambayo mzee hayapati mpaka aulizwe hapo.

Siku hizi mjukuu wangu wa kiume hunipigia simu kila Jumapili, saa mbili usiku za kwetu. Juma lililopita alinieleza kuwa kwao theluji imeanguka, na kwamba baba yake amenunua jiko dogo la kuni, wameliweka nyuma ya nyumba. Nilimwuliza wanalitumia.

"Leo hapana, Babu," alijibu. "Kuni zimekwisha."

Hakuna aliyemchapa ili aliseme sawa. Alilisikia nyumbani.